Je, fashabodi na fremu za plastiki zinapakika rangi?

Mwenye swali
Habari za kazi, wataalamu. Fashabodi (vibao vya ukingoni mwa paa) na fremu za madirisha za nyumba yangu ni za plastiki nyeupe ya PVC ambayo sasa imefifia, na nikiipitisha kidole hubaki na unga mweupe. Nakusudia kuzipaka kijivu cha mkaa ili zioane na paa. Fundi mmoja anasema rangi haishiki kwenye plastiki, mwingine anasema rangi ya mafuta inatosha. Nimsikilize nani?

Fundi Msasa
Ndugu, kwa maoni yangu usimfuate yeyote kati yao. PVC hushika rangi vizuri, ila unga huo ni tabaka la juu lililoliwa na jua, na ukipaka juu yake rangi itabanduka pamoja nao. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, suuza hadi kitambaa cheusi kisiokote weupe, ziache zikauke kabisa, kisha pitisha msasa laini kwa mkono mwepesi. Usifute kwa asetoni wala tineri kali, kwa sababu hulainisha uso wa plastiki. Rangi ya mafuta huwa ngumu kadiri inavyozeeka, hivyo hupasuka plastiki inapotanuka na kusinyaa. Chagua rangi ya maji ya akriliki ya nje, juu ya praima (rangi ya msingi inayotangulia) inayoshika plastiki.

Kabla ya kupaka nyumba nzima, jaribu sehemu iliyojificha. Ikikauka kwa siku kadhaa, ichanje kidogo kwa wembe, bandika tepu na uivute kwa nguvu. Rangi ikitoka na tepu, maandalizi hayajatosha.

Mpimaji
Mimi hofu yangu ni hicho kijivu cha mkaa. Ubao wa PVC wa mita 4 unaweza kurefuka karibu sentimita 1 joto lake likipanda kwa nyuzi 40, na rangi nzito hunyonya jua kuliko nyeupe ambayo ubao huo ulitengenezewa. Ukiwa umebanwa kwa skrubu pande zote bila nafasi ya kutembea, utapinda, na hakuna rangi itakayounyoosha. Chagua kijivu chepesi, au utafute rangi iliyotengenezwa maalumu kuakisi joto kwa ajili ya plastiki.

Mwenye swali
Ahsanteni. Na mipira ya madirisha niipake pia?

Fundi Msasa
Hapana. Izibe kwa tepu, pamoja na vitundu vya kutolea maji chini ya fremu, maana vikizibwa na rangi maji yatatuama ndani. Palipo na silikoni ya zamani iondoe yote, kwani rangi haiishiki. Baada ya kumaliza, usisugue kwa wiki kadhaa: rangi hukauka juu mapema lakini hukomaa polepole. Kisha sifongo na sabuni mara moja au mbili kwa mwaka vinatosha. Mashine ya maji yenye shinikizo kubwa huinua rangi kwenye kingo.