Naomba ushauri: nampenda, lakini akikaa sana natamani aende

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye godauni hapa Kisumu tangu 2016. Mchana nalala, jioni natoka mtaani kwangu Nyalenda wenzangu wakirudi, kwa hivyo marafiki waliisha polepole. Sasa tunapendana na dada mmoja anayeuza omena (dagaa) soko la Kibuye. Akinitembelea, saa moja haiishi najikuta nabonyeza simu isiyo na chaji, natamani aondoke. Akiondoka, namkosa! Nimejaribu kwaya ya kanisa. Kuimba si shida, ni ile chai ya baadaye, natorokea mlango wa nyuma. Yeye ashaanza kushuku nina mke Siaya.

Nimweleze vipi asione namfukuza? Na aliyewahi kuishi peke yake hivi, alianzaje kuzoea mtu karibu?