Mjadala: Jimbo la mbunge mmoja, tuendelee nalo au viti vigawanywe kwa uwiano wa kura?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kuanzia mbali kidogo.

Septemba 1958 Tanganyika ilipoanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, nchi nzima ilikuwa na majimbo 10. Matano yalipiga kura mwezi huo, mengine Februari 1959. Kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu. Ukimpigia wa kwako peke yake, kura yako imeharibika. Tena haki hiyo haikuwa ya kila mtu: ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au cheo kinachotambulika. Hiyo ndiyo kura tatu iliyowagonganisha vichwa wana TANU kule Tabora Januari 1958, hadi Zuberi Mtemvu akajiondoa na kuunda chama chake. Mwalimu aligombea Jimbo la Mashariki dhidi ya Patrick Kunambi, akashinda. Sophia Mustafa aliingia barazani kutoka Jimbo la Kaskazini, akiungwa mkono na TANU.

Nayasema haya kwa sababu kila ikitajwa habari ya kubadili mfumo, watu wanajibu kana kwamba jimbo la mbunge mmoja tumezaliwa nalo. Hatukuzaliwa nalo.

Hata ndani ya jimbo la mbunge mmoja, namna ya kuchagua imebadilika sana. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, TANU iliwasimamisha wagombea wawili jimboni, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja, na kampeni ilikuwa kwa Kiswahili tu. Marehemu bibi yangu hakujua kusoma, lakini hadi anafariki alikumbuka alivyoweka alama kwenye jembe: "Nyumba bila jembe ni njaa," alikuwa akisema. Na watu walichagua kwelikweli, maana hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Sitamani turudi chama kimoja, lakini kwa kumng'oa kigogo, mfumo ule ulikuwa na meno.

Sasa tuje 1995, uchaguzi wa kwanza wa wabunge tangu vyama vingi virudi. Hapa ndipo roho yangu inapouma. Majimbo yalikuwa 232. CCM ilipata karibu asilimia 59 ya kura za wabunge ikachukua majimbo 186, yaani viti vinane katika kila kumi. NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22, ikaambulia majimbo 16. CUF ilipata asilimia 5 tu, ikapata majimbo 24! Siwalaumu CUF, walishinda kihalali kwao Zanzibar, ambako jimbo moja lina wapiga kura wachache kuliko la bara. Kura za NCCR zilikuwa zimetawanyika nchi nzima: hapa wa pili, pale wa pili, kule wa pili. Na wa pili hana chake.

Mwaka ule nilikuwa wakala wa chama kimoja katika kituo cha shule ya msingi. Tulihesabu usiku kwa taa ya chemli, karani anainua karatasi moja moja, anatuonyesha mawakala, anaiweka kwenye fungu lake. Mafungu mawili yalipanda karibu sawa. Mgombea wetu alishindwa jimbo zima kwa tofauti ndogo. Kura zile zilifungwa kwenye mabunda kama za mshindi, zikawekwa lakiri, na hazikumtuma mtu yeyote bungeni.

Hoja kubwa ya wanaotetea majimbo naijua na naiheshimu: mbunge wa jimbo ana anwani. Daraja likikatika, zahanati ikikosa dawa, unajua umshike nani. Kwenye uwiano unaichagua orodha ya majina iliyopangwa na chama, sasa utamshika nani? Afrika Kusini wanatumia orodha tangu 1994, na wananchi wake wanalalamika kwamba mbunge anatazama uongozi wa chama kuliko mtaa wake. Ni kweli.

Lakini tuambizane ukweli na sisi. Kwa Katiba yetu, mbunge wa jimbo akifukuzwa uanachama anapoteza ubunge, hata kama jimbo zima linamtaka. Na bila chama hagombei kabisa. Mwaka 1960 watu wa Mbulu walimchagua Herman Sarwatt, mgombea binafsi, akambwaga wa TANU, na ndiye pekee kati ya wabunge 71 aliyeingia nje ya TANU. Leo Sarwatt asingeweza hata kuchukua fomu. Sasa huyo "mbunge wa wananchi" tunayemlinda ni wa nani?

Na uwiano tunao tayari, ila kwa mlango wa nyuma. Viti maalum vya wanawake vinagawanywa kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5 ya kura za wabunge. Hesabu inatokana na kura yako, lakini majina yanapangwa na chama na wewe hukuyaona popote kwenye karatasi.

Ninachopendekeza ndicho walichofanya Lesotho. Mwaka 1998 chama kimoja kilipata kura kama asilimia 60 kikachukua majimbo 79 kati ya 80. Maseru ikawaka, majeshi ya nje yakaingia. Kufikia uchaguzi wa 2002 walibakiza majimbo yao 80 wakaongeza viti 40 vya kufidia vyama ambavyo kura zao zilikuwa nyingi kuliko viti. Jimbo limebaki, mbunge mwenye anwani yupo, na wa pili naye anahesabika.

Kwetu ningetaka karatasi ya mbunge iwe na alama mbili: moja kwa mtu wa jimbo, awe na chama au hana, nyingine kwa chama, orodha yake ikiwa imebandikwa kituoni wiki kadhaa kabla.

Mnaopinga, karibuni, ila nijibuni hili kwanza: zile kura asilimia 22 za 1995, mlitaka ziende wapi?