Saini ya barua pepe kwa ofisi nzima: kila mtu ajiwekee, seva iweke, au tulipie huduma?

Mzigo_Bandarini
Habari zenu wakuu. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha hapa Dar. Mkurugenzi ameagiza kwamba hadi mwisho wa mwezi kila barua pepe inayotoka ofisini iwe na saini ya aina moja: jina, cheo, simu, nembo, anwani. Kwa sasa kila mtu na lake. Kuna aliyeweka jina tu, kuna aliyeweka aya ya Biblia, kuna asiye na kitu, na ukijibu kwa simu ndiyo kabisa. Kazi nimetupiwa mimi. Njia ninazoziona ni tatu: niwatumie mfano kila mtu ajiwekee, seva iwe inajaza yenyewe, au tulipie huduma ya nje inayotoza kwa dola, kwa kila mtu, kila mwezi. Mkurugenzi anaegemea hiyo ya mwisho. Mngechagua ipi?

FundiSeva
Mkuu, hujasema la msingi. Barua pepe zenu zinakaa wapi? Google Workspace au Microsoft 365 (huduma za kulipia za Google na Microsoft), au ni zile zinazokuja na hosting ya tovuti, yaani seva ya kukodi inayohifadhi tovuti? Hiyo njia yako ya pili ipo au haipo kutegemea jibu hilo. Na mko wangapi? Simu gani? Bila hayo tutabishana hewani.

DadaWaHesabu
Naungana na FundiSeva. Mkiwa watano kaa nao jioni moja umalize. Mkiwa hamsini ni habari nyingine.

Nyota_Meru
Mimi sisubiri majibu, maana jibu langu ni lilelile popote mlipo: maandishi matupu, mistari minne, basi. Jina, cheo na kampuni, simu ikianza na +255, tovuti. Hayo yanafika kwenye kila simu na kila kompyuta duniani. Picha ndiyo inayoleta balaa.

MwanaPwani
Nyota, wateja wa siku hizi wanataka kuona nembo. Ofisi niliyopo hapa Mombasa tuko Microsoft 365. Msimamizi ameweka kanuni kwenye seva, kila barua inayotoka nje inabandikwa saini, na jina na cheo vinavutwa kutoka kwenye orodha ya wafanyakazi. Ukitumia simu, kompyuta, hata kompyuta ya hoteli, saini inatoka. Ila niseme ukweli wake: ukijibu kwenye mazungumzo marefu, saini haikai chini ya jibu lako, inakwenda kukaa chini kabisa ya barua zote. Ukifungua barua zako ulizotuma huioni. Na asiye na namba ya simu kwenye orodha, mstari wake unabaki na pengo. Lazima pia muweke sharti la kuzuia isijirudie kila jibu, la sivyo mtapata saini sita kwenye barua moja.

Nyota_Meru
Kuhusu nembo, ngoja niwasimulie kilichotokea ofisi moja ya utalii niliyofanyia kazi huku Arusha, halafu kila mtu aamue.

Walimwita mbunifu, akatengeneza saini nzuri sana. Mlima nyuma, jina mbele, namba za simu kwa rangi ya dhahabu. Lakini yote ilikuwa picha moja. Jina ni picha, simu ni picha. Picha zenyewe ziliwekwa kwenye seva ya tovuti na saini ikawa inazivuta kutoka kule kwa linki. Kwenye kompyuta ya meneja ilipendeza, akaidhinisha.

Wageni wakaanza kulalamika. Wale wa Ujerumani wengi walikuwa wanafungua barua kwa Outlook (programu ya barua ya Microsoft) za makazini kwao, na Outlook kwa kawaida haipakui picha kutoka nje mpaka msomaji airuhusu. Walichokiona ni kisanduku kitupu chenye alama nyekundu. Barua inaisha na "Karibu sana", chini yake hakuna jina wala namba. Wale walioiona picha nao hawakuweza kubonyeza namba wapige, wala kuinakili.

Kuna mgeni alitua uwanja wa ndege wa KIA usiku, dereva akawa amechelewa njiani. Mgeni akafungua barua yetu kwenye simu atafute namba ya ofisi. Mtandao wake ulikuwa dhaifu, picha haikufunguka. Alikaa pale na watoto hadi dereva alipofika. Alikuwa amelipia safari miezi kadhaa kabla, na namba ya kumwokoa ilikuwa kwenye picha.

Baadaye ofisi ikahamisha tovuti kwenda kwa mtu mwingine, na folda ya picha haikuhamishwa. Hapo hazikuharibika barua mpya tu. Hata barua za mwaka uliopita zilizokaa kwa wateja zilipoteza saini siku hiyohiyo, kwa sababu picha haikuwahi kuwa ndani ya barua, ilikuwa inaitwa kutoka mbali kila barua inapofunguliwa. Ndiyo maana nasisitiza maandishi.

DadaWaHesabu
Pole kwa huyo mgeni. Lakini tatizo pale si nembo, ni kuweka jina na namba ndani ya picha. Nembo ikikataa kufunguka, jina lipo, namba ipo, mambo yanakwenda.

FundiSeva
Sahihi kabisa. Nembo iwe faili la picha la PNG, si la SVG maana Gmail haiionyeshi, na upana uandikwe ndani ya kodi yenyewe (code, yale maandishi ya HTML yanayounda saini). Ile Outlook ya zamani ya Windows tangu toleo la 2007 inachora barua kwa injini ya Word, kwa hiyo picha kubwa uliyoibana kwa CSS (maelekezo ya mwonekano) inaweza kutokea kwa ukubwa wake wote. Jambo lingine watu hulisahau: nembo nyeusi isiyo na rangi ya nyuma, msomaji akiwa na skrini ya giza, haionekani. Wekeni ukingo mweupe.

Kisima_cha_Kazi
Kuna tovuti za bure za kutengeneza saini. Unajaza fomu, unanakili, unabandika. Dakika chache tu. Kwa nini mnazunguka?

FundiSeva
Kisima, soma kodi inayotoka humo. Nyingi zinaacha linki yao chini ya saini, na picha zinakaa kwenye seva zao. Wakifunga huduma, unarudi kwenye hadithi ya Nyota.

Mzigo_Bandarini
Samahani wakuu, nilikuwa bandarini tangu asubuhi. Tuko kama ishirini. Barua pepe ni za kikoa chetu cha .co.tz, zinakaa kwa aliyetutengenezea tovuti, ndani ya cPanel, ule ukurasa wa kusimamia hosting. Kompyuta nyingi zina Outlook, mbili zina Thunderbird (programu nyingine ya barua), wachache wanafungulia kwenye kivinjari. Mkurugenzi ana iPhone, wengine Android, wanasoma kwa programu ya Gmail.

FundiSeva
Haya ndiyo tuliyoyahitaji. Kwa hosting ya kawaida ya cPanel njia ya pili ifute. Roundcube, ile ya kusomea barua kwenye kivinjari, ina sehemu ya saini, lakini inafanya kazi kwa anayeandikia kwenye kivinjari tu. Simu na Outlook hazijui habari zake, kwa sababu IMAP, njia inayoleta barua kutoka seva hadi kwenye kifaa, inabeba barua, haibebi mipangilio.

Njia ya tatu iulizie vizuri kabla hamjatoa kadi. Huduma nyingi za aina hiyo zimejengwa kushikamana na Microsoft 365 au Google Workspace. Na kama barua zitapitia kwenye seva zao, rekodi yenu ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa chenu) lazima iwataje. Vilevile ikiwa seva yenu inaweka DKIM (alama ya kuthibitisha kwamba barua haijabadilishwa njiani) kabla wao hawajaongeza saini, DKIM inavunjika na barua zinaweza kuishia kwenye taka. Kwa wakala wa forodha, mteja asipoona barua ya meli kufika, ni fedha inayopotea.

Njia ya kwanza, basi. Kwenye Outlook ya zamani saini ni mafaili tu. Andika %APPDATA%\Microsoft\Signatures kwenye upau wa anwani wa folda utayaona matatu: htm, rtf na txt. Tengeneza moja vizuri, badilisha majina, wapelekee wengine. Thunderbird inakubali kusoma saini moja kwa moja kutoka kwenye faili la HTML.

MwanaPwani
Na simu je? Huko ndiko penye shida.

FundiSeva
Gmail ya Android ina sehemu yake ya saini ya simu, kwa kila akaunti peke yake, na inapokea maandishi matupu tu. Hapo namkubali Nyota, mistari minne inatosha. Kwa iPhone: jitumie barua yenye saini kamili, inakili, ibandike kwenye sehemu ya saini ya Mail. Itapoteza mpangilio. Tikisa simu, kubali kutendua, mpangilio unarudi. Hapohapo futa ule mstari wa Kiingereza unaotangaza kuwa barua imetoka kwenye iPhone.

DadaWaHesabu
Mzigo, usisahau vyeo vya kitaaluma. Aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu, aandike CPA (T), na mhandisi aliyesajiliwa aandike Eng. Lakini hakiki usajili kwanza. Nimeona mtu anaandika CPA na mtihani bado hajamaliza.

Kisima_cha_Kazi
Vyeo vingi vinajaza mstari. Jina na kazi yako vinatosha.

DadaWaHesabu
Havitoshi kaka. Mteja anayenitumia hesabu zake ana haki ya kujua nimesajiliwa. Nimeisomea miaka, siiondoi.

Bint_Leicester
Niko Uingereza. Huku tangu 2007 barua pepe za kampuni lazima zionyeshe jina kamili la kampuni, namba ya usajili, ulikosajiliwa na anwani iliyosajiliwa. Mkiwa na kampuni dada huku, mfano mmoja hautafaa kwa wote.

MwanaPwani
Hiyo ni muhimu. Na lile tangazo la usiri, kwamba barua hii ni ya siri ukiipata kimakosa ifute? Wakili wetu aling'ang'ania tuliweke.

FundiSeva
Mimi nalipinga. Linakuwa refu kuliko barua yenyewe, linarudiwa kila jibu, na Gmail ikifika takriban kilobaiti 102 inakata barua, msomaji lazima abonyeze aone iliyobaki. Siri inalindwa kwa kutuma kwa mtu sahihi.

DadaWaHesabu
Wakili akishauri, fuata wakili. Sisi nyaraka zetu zina TIN na mishahara ya watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 siwezi kusema halihusu.

FundiSeva
Sheria inakutaka uzilinde taarifa, dada. Aya chini ya barua haizilindi.

Mzigo_Bandarini
Ahsanteni sana. Nimempelekea mkurugenzi maelezo ya kila mtu kujiwekea. Amesoma, sasa ameongeza: anataka na sahihi yake ya kalamu iliyochanganuliwa, pamoja na muhuri wa ofisi, vionekane chini ya kila barua.

DadaWaHesabu
Hapana! Mzuie kwa heshima zote, lakini mzuie. Sahihi na muhuri vikitoka kwenye kila barua, yeyote anayepokea anaweza kuvikata akavipachika kwenye barua ya kuidhinisha malipo au ya kuachia mzigo. Kwa kazi yenu hiyo ni hatari kubwa.

MwanaPwani
Kabisa. Vibaki kwenye nyaraka zinazohitaji sahihi.

Kisima_cha_Kazi
Na mwenye aya ya Biblia mmemwambiaje? Nauliza kwa dhati, maana na mimi nina yangu.

Nyota_Meru
Abaki nayo kwenye barua pepe yake binafsi. Ya ofisi inasema kwa niaba ya ofisi.

Kisima_cha_Kazi
Sikubaliani, lakini nimekuelewa.

Mzigo_Bandarini
La muhuri nitalipeleka kesho. Ile huduma ya dola bado anaitaka, anasema wenzake bandarini wanaitumia.

FundiSeva
Waulize hao wenzake barua pepe zao zinakaa wapi. Na muulize kadi itakayolipa ni ya kampuni au ya kwake mwenyewe.