Bustani ya wanyama inawakaribisha watoto wadogo, lakini uzio wake haukuwafikiria

Ndugu zangu, nimekasirika na sitaki kuficha. Bustani ya wanyama inayojinadi kuwa ni mahali pa familia imejengwa kana kwamba kila mgeni ana kimo cha mtu mzima. Nilikwenda huko pamoja na marafiki na binti wa mmoja wao, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na karibu kila boma tulilofika alichokiona mtoto yule ni ukuta mtupu.

Kwa simba ndiko nilikochukizwa zaidi. Uzio umezibwa kwa mbao hadi kifuani mwa mtu mzima, na juu yake pana ukingo mpana uliolala bapa, ambao mzazi aliyechoka kubeba huuona kama kiti. Watoto kadhaa walikuwa wamekalishwa pale, miguu ikining'inia upande wa wanyama, na mmoja alishikwa kwa mkono mmoja tu kwa sababu mkono wa pili wa baba yake ulikuwa na simu. Nilipomwita mhudumu, alitazama kisha akanijibu kwamba bango la onyo lipo. Ni kweli lipo, ila limebandikwa kwenye nguzo ya nyuma, mahali ambapo mtu akishaegemea ukingo hawezi kuliona.

Najua wapo watakaosema kwamba mtoto ni jukumu la mzazi. Sawa, lakini anayejenga ukuta unaomzuia mtoto kuona anajua fika kwamba mtoto huyo atainuliwa. Mwaka 2012, katika bustani ya wanyama ya Pittsburgh nchini Marekani, mtoto wa miaka 2 aliyeinuliwa na mama yake ili aone vizuri alianguka ndani ya boma la mbwa mwitu wa Afrika, wakamuua. Mwaka 2016, huko Cincinnati, mtoto wa miaka 3 alipenya kizuizi akatumbukia kwa sokwe aitwaye Harambe, na ili kumwokoa mtoto ikabidi sokwe apigwe risasi. Baada ya hapo ndipo kizuizi kilipoongezwa urefu na kufungwa wavu wa kamba. Je, na sisi tunasubiri msiba ndipo fundi aitwe?

Sehemu ya kushika mbuzi nayo ni aibu. Mabomba yalikuwa makavu, na badala yake paliwekwa chupa ya kitakasa mikono. Mbuzi mwenye afya njema kabisa anaweza kubeba bakteria wa E. koli wanaosababisha kuhara damu na, hasa kwa watoto walio chini ya miaka 5, hata figo kushindwa kufanya kazi. Kinachotakiwa hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, kwani mtoto wa umri ule vidole vyake havikai nje ya mdomo.

Meneja aliyenipokea aliandika malalamiko yangu daftarini bila hata kuuliza ni boma lipi. Ninachodai ni vioo imara vilivyowekwa chini, usawa wa macho ya mtoto, ukingo ule uchongwe mshazari ili usikalike, na maji yarudishwe kabla ya mtoto mwingine kuruhusiwa kushika mbuzi. Nimeyaweka hayo yote katika barua, na nitaipeleka kwa mamlaka inayotoa leseni iwapo uongozi utaendelea kunyamaza.