Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kuandika esei ya chuo kwa Kiingereza, yenye hoja na ushahidi?

Mwanzisha mada, Mbagala

Wakuu habari za mchana. Mimi nipo mwaka wa kwanza chuo kimoja hapa Dar, nasoma sosholojia. Jana nimerudishiwa asaimenti yangu ya kwanza, kurasa tano, nimeiandika usiku tatu mfululizo, nimepata 6 kwa 15. Mwishoni mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu maneno matatu tu, "So what? Evidence?" Basi.

Wenzangu kwenye diskasheni wanasema tatizo ni Kiingereza. Ila mimi naona siyo Kiingereza peke yake, kwa sababu grama hajanisahihisha hata sehemu moja, na form six nimetoka na divisheni wani, kuandika nilijua najua. Swali lilikuwa ni kwa kiasi gani kukua kwa mji kumebadilisha maisha ya familia za Dar, mimi nikajaza kila nilichokijua kuhusu mji na kuhusu familia. Asaimenti ya pili ni wiki mbili zijazo, swali lile lile ila kila mtu achague kipengele kimoja. Imeniuma kweli, nataka kujifunza. Naombeni mniambie nyie wenyewe mlianzia wapi na ni kitu gani kiliwafungua, siyo ushauri wa jumla wa soma sana vitabu.

Mdau wa Changanyikeni

Pole sana mdogo wangu, hiyo 6 na mimi niliipata. Tunatoka advansi na insha yetu ile, unafafanua maneno ya swali, unaweka pointi sita, kila pointi sentensi nne, unamalizia na "Generally". Kule msahihishaji anazitafuta pointi azitie tiki. Chuo hakuna anayetafuta pointi, anatafuta wewe unasemaje.

Kilichonifungua ni mwalimu wa semina. Alinikalisha kwenye benchi nje ya ofisi yake na insha yangu ya Azimio la Arusha mkononi, akaniuliza, ukiambiwa uniambie kwa sentensi moja tu, unasema nini humu? Nikamjibu naongelea mafanikio na matatizo ya Azimio. Akasema hiyo ni mada, hakuna mtu duniani atakayekubishia, maana hujasema kitu bado. Tulikaa pale karibu saa nzima. Kila nikitoa sentensi ananiuliza "kwa hiyo?" mpaka nikafika hapa: Azimio la 1967 lilishika mizizi zaidi kwenye elimu ya msingi kuliko kwenye kilimo, kwa sababu shule wanakijiji walikuwa wanaitaka tayari, lakini kuhamishiwa vijiji vya ujamaa kwa lazima kuanzia 1973 hawakukutaka. Akatabasamu akasema sasa hiyo mimi naweza kukubishia, nenda kaniandikie. Pointi zangu nne kati ya sita nikazitupa kwa sababu hazikuwa na kazi tena, na zilikuwa za kweli kabisa, ndo kitu kigumu kukubali, unatupa kitu cha kweli kwa sababu hakibebi hoja yako.

Hiyo "So what?" ya mwalimu wako ndiyo ile "kwa hiyo?" ya kwangu.

Dada wa Kimara Mwisho

La kwangu fupi. Mimi nilikuwa sisomi kitenzi cha swali. "Describe" nasimulia, "Assess" nasimulia, "Account for" nasimulia. Kumbe "Account for" anataka sababu, "Assess" anataka upime uzito useme kipi kimezidi, na hiyo yako ya "To what extent" lazima useme ni kikubwa, ni kidogo, au ni mpaka hapa tu na kwa nini isizidi hapo. Sasa hivi kabla sijashika kitu naliandika swali kwa mkono juu ya karatasi na chini yake nalitafsiri kwa Kiswahili kama vile naulizwa na mama nyumbani.

Mkazi wa Kibaha

Mwanzisha mada, swali lako linafanana na langu la mwaka jana, acha nikusimulie yote maana hapa ndipo nilipojifunza ushahidi ni nini.

Mimi nilipangiwa kuandika kuhusu ukuaji wa Dar. Nikajiamini, nikaandika hoja yangu mapema kabisa: Dar inakua kwa kasi inayozidi kuongezeka, na ndiyo maana nyumba za kupanga hazishikiki. Nani asiyejua hilo, panda daladala asubuhi uone. Nikaenda maktaba mpya ya Chuo Kikuu pale Mlimani, ile iliyofunguliwa 2018, nikatafuta kona nikafungua ripoti za sensa, hizi zinapatikana mtandaoni bure. Sensa ya 2002 Dar ina watu karibu milioni 2.5. Ya 2012 wapo 4,364,541. Ya 2022 wapo 5,383,728. Nikachukua kikokotoo cha simu, nikatoa. Miaka kumi ya kwanza wameongezeka karibu milioni 1.9, miaka kumi ya pili wameongezeka milioni moja na kidogo. Yaani kasi imepungua! Hoja yangu imekufa na ndo kwanza nimekaa.

Niwe mkweli, nilitaka kuiacha hiyo 2002 nje niandike tu 2012 na 2022, nani angejua. Nikafunga laptopu nikarudi zangu nyumbani. Njiani, gari imesimama foleni pale Kibamba, nikawaza, hivi mimi mwenyewe nilizaliwa Magomeni, sasa hivi nalala Kibaha, na Kibaha siyo Dar, ni Pwani. Usiku huo huo nikaitafuta Pwani. 2012 ilikuwa na watu 1,098,668, 2022 wamepita milioni mbili. Karibu mara mbili! Nikaandika upya: mji wa Dar haujaacha kukua, umevuka mpaka wa mkoa, kwa hiyo ukiupima kwa takwimu za mkoa wa Dar peke yake unaupunja.

Halafu rafiki yangu tunayeishi naye akanibana. Umejuaje hao wa Pwani wametoka Dar? Kama wamezaliwa huko huko je, kama wamefuata viwanda kutoka mikoa mingine je? Sikuwa na jibu, maana zile namba nilizokuwa nazo zinahesabu watu walipo, hazikuniambia walikotoka. Ikabidi nirudi kwenye sentensi, nilipoandika "proves" nikaweka "suggests", na nikaongeza aya nzima ya huyo mbishi, nikataja maelezo yake na nikaonyesha kwa nini la kwangu bado lina nguvu maeneo yaliyogusana na mpaka. Mwalimu alipiga mstari chini ya hiyo aya akaandika vizuri sana. Siyo chini ya namba, chini ya hiyo aya ya kubishana.

Mpango wangu wenyewe ulikaa kwenye karatasi moja ya A4 nimeikunja mara nne. Kila safu ni aya, juu naandika ninachodai, chini ushahidi gani na nimeutoa ukurasa wa ngapi, chini tena kwa nini huo ushahidi unabeba ninachodai, mwisho atakayepinga atasema nini. Ile safu ambayo sehemu ya ushahidi ni tupu haiandikwi mpaka ijae.

Mama wa Kariakoo

Wanangu mimi nina miaka 47, nauza vitenge na nasoma chuo kwa masafa, yaani nikiwa nyumbani, nipo mwaka wa pili. Kiingereza changu kiliniogopesha kuliko kitu chochote, nikikaa mbele ya karatasi tupu napata sentensi moja kwa saa. Kilichonisaidia ni simu. Mchana wateja wakipungua najirekodi kwa Kiswahili kama namsimulia mdogo wangu, "mdogo wangu sikia, kuna watu wanasema hivi, mimi nakataa, na nikuambie kwa nini nakataa". Nikiongea hivo hoja inatoka yenyewe na mpangilio wake, maana huwezi kumsimulia mtu kitu ukaanzia katikati, atakuuliza tu. Usiku nikifunga hesabu nasikiliza, naandika dondoo za Kiswahili kwenye daftari, ndipo naanza kuandika Kiingereza nikifuata dondoo. Kiingereza changu bado siyo kirefu, ila siku hizi mwalimu anaelewa ninachosema toka aya ya kwanza.

Jirani wa Tabata

Mama shikamoo, nakuheshimu ila hapo kidogo sikubaliani. Mimi kupanga kwa Kiswahili kuliniponza, nilikuwa natafsiri neno kwa neno. Mwalimu alinizungushia "The government it has" mara kumi na moja kwenye kazi moja, na mimi sikuona kosa liko wapi kwa sababu Kiswahili ndivyo tunavyosema, serikali imefanya, hiyo "i" lazima iwepo. Kwa Kiingereza ukishaitaja serikali umemaliza, huirudii. Na sentensi zangu zilikuwa nusu ukurasa, "ambapo" juu ya "ambapo". Nilipoanza kupanga kwa Kiingereza moja kwa moja, hata kibovu, hayo yalipungua.

Mama wa Kariakoo

Marahaba mwanangu. Usemalo kweli, hata mimi "it has" ninayo. Ila mimi Kiswahili nakitumia kujua nasema nini, sikitafsiri. Nikishajua nasema nini, dondoo nazibakiza fupi fupi, maneno mawili matatu, ili nisipate sentensi ya kutafsiri.

Jirani wa Tabata

Ahaa, maneno mawili matatu. Mimi nilikuwa naandika aya nzima kwa Kiswahili, hapo nimekuelewa mama.

Mdau wa Mwenge

Mimi nataka kusema kuhusu madesa, zile notisi na kazi za waliotutangulia, maana naona hamjaligusa. Mwaka wa pili niliitwa ofisini, kazi yangu imepitishwa kwenye Turnitin, ile programu ya kukagua kama umenakili, na robo tatu ya aya moja imetoka nyekundu tupu. Naapa sikujua kama nimeiba. Nilikuwa na desa la kaka mmoja aliyenitangulia, nikabadilisha maneno hapa na pale, nikaamini nimeandika mwenyewe. Ilikuwa sifuri, na nikaambiwa nikirudia napelekwa mbele zaidi. Nililia hadi stendi.

Toka siku hiyo nina utaratibu sijauvunja. Nasoma ukurasa, nafunga kitabu kabisa, namwambia mwenzangu au ukuta alichosema yule mwandishi, ndipo naandika nilivyosema mimi. Na hapo hapo, kabla sijafanya kingine, naweka jina lake, mwaka na ukurasa. Ukisema utaweka baadaye utakesha unatafuta sentensi moja kwenye PDF ya kurasa 300. Nikishindwa kuisema kitabu kikiwa kimefungwa ina maana sijaelewa, narudi kusoma. Na kama maneno yake ni mazuri kiasi kwamba lazima yabaki yalivyo, yanakaa ndani ya alama za mtajo na jina lake pembeni, mara moja au mbili kwa insha nzima, siyo zaidi.

Msahihishaji, Chang'ombe

Nafundisha semina na nasahihisha makaratasi zaidi ya mia kwa muhula. Nimesoma hapa nimefurahi sana, niongeze ninachokiona nikiwa na kalamu.

Wengi ushahidi wanao. Wanauweka halafu wanauacha pale wanakimbilia mwingine. Namba imekaa, jina la mwandishi limekaa, aya imeisha, mimi nabaki najiuliza hii namba imekuja kufanya nini hapa. Mwanafunzi anaona ni wazi kwa sababu yeye anajua alichokuwa anafikiria. Mimi sipo kichwani mwake. Sentensi moja au mbili baada ya ushahidi, za kuufunga na ulichodai, ndizo zinazotenganisha 8 na 12, na mara nyingi ndizo hazipo.

Kingine, ukimaliza rasimu nenda kaangalie aya ya mwisho. Mara nyingi sana hoja nzuri kuliko zote naikuta pale, mtu ameigundua saa nane ya usiku akiwa anamalizia. Hiyo ichukue uipeleke juu, uandike upya kutoka hapo. Najua inauma kuandika mara mbili. Halafu soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, kwa sauti, moja baada ya nyingine. Zikisimulia kitu kinachoeleweka, insha imesimama. Grama nasahihisha mwisho na naisamehe mengi, insha isiyosema kitu sina namna ya kuisaidia.

Mwanzisha mada, Mbagala

Wakuu nimesoma yote mara mbili. Mama shikamoo, nimejirekodi leo kwenye mwendokasi, watu wananiangalia sijali. Nimetoa ile kazi ya 6 nikasoma aya ya mwisho kama kaka wa Chang'ombe alivyosema na kweli ipo pale, nilikuwa nimeandika kwamba wazazi wanaoamka saa kumi kufuata kazi mjini watoto wao wanalelewa na dada wakubwa. Ndo nyumbani kwetu hivo, mimi ndo niliwalea wadogo zangu, na niliizika kwenye mstari mmoja wa mwisho.

Hoja yangu mpya kwa sasa: kilichobadilisha familia za pembezoni mwa Dar ni umbali wa kwenda kazini kuliko kipato, kwa sababu umbali unahamisha malezi kutoka kwa wazazi kwenda kwa mtoto wa kike mkubwa. Karatasi nimeikunja mara nne. Safu ya kwanza na ya tatu zimejaa. Ya pili, upande wa ushahidi, nina nyumba yetu tu, na nyumba moja najua haitoshi. Kesho naingia maktaba kutafuta waliopima muda wa kusafiri kwenda kazini hapa mjini. Safu ya nne nimeiachia mbishi, kwa hiyo anayeona hoja yangu haisimami naomba anibishie hapa hapa kabla sijaandika.

Mkazi wa Kibaha

Nakubishia. Kama kipato kingekuwa kikubwa wangepanga karibu na mji, au wangeweka dada wa kazi. Sasa umbali na kipato umevitenganishaje?

Mwanzisha mada, Mbagala

Dah. Ngoja nirudi kwenye karatasi.