Stripu, matone au kupimiwa dukani: kipi kinasema ukweli kuhusu maji ya akwariamu?

Mbuna wa Tabata:
Wakuu habari za jioni. Nina tangi la lita 200, mbuna 14 (wale samaki wa Ziwa Nyasa), maji ya kisima. Wiki hii samaki wawili wanajikwaruza kwenye mawe nikasema ngoja nipime maji, hapo ndo kichwa kilipoanza kuuma. Stripu (kile kikaratasi cha kuchovya) inasema nitrati, yani mabaki ya uchafu wa samaki, ni miligramu 50 kwa lita, chupa za matone zinasema 5, nikabeba maji kwenye chupa ya soda mpaka duka la samaki, jamaa kachovya kikaratasi kaangalia sekunde mbili kaniambia "poa tu bosi, chukua na dawa hii". Poa ndo ngapi sasa? Hela ya vipimo imeshazidi ya samaki. Nyie mnaamini kipi?

Fundi Filta:
Mkuu swali moja tu, ile chupa ya pili ya nitrati uliitikisa? Sio kuipindua pindua kidogo, namaanisha itikise kwa nguvu na uigonge gonge mezani nusu dakika nzima, maana mzigo wenyewe unatuama chini ya chupa, usipouvuruga unadondosha kimiminika cha juu tu kipimo kinatoka njano, yani nitrati kidogo, unashangilia bure. Ukishachanganya tikisa tyubu dakika nzima tena, subiri dakika 5 ndo usome.

MamaGapi:
Mimi ni wa stripu na sioni aibu, asubuhi nina watoto wa kupeleka shule nani akae ahesabu matone kumi kumi. Ila kopo likibaki wazi kwa huu unyevu wa Dar vile viraka vinabadilika rangi hata kabla hujachovya, na usiingize vidole vibichi humo. Ubaya mwingine stripu nyingi hazipimi amonia kabisa, ile sumu ya uchafu wa samaki, na kwenye tangi jipya hiyo ndo inaua. Nilishazika gapi 9 huku stripu inaniambia kila kitu sawa 😩

Mzee wa Likoni:
Mie nilinunua kalamu ya TDS nikidhani nimemaliza kazi. Kisima chetu huku kina chumvi, kalamu yaniandikia 1,200 hata samaki hajaingia. Kumbe ile yahesabu kila kilichoyeyuka kwa jumla, haijui chumvi ni ipi na uchafu wa samaki ni upi. Kalamu ya pH (uasidi wa maji) ya dijitali nayo usipoisawazisha kwa zile poda za 4.01 na 6.86, au uache ncha ikauke, ni pambo tu hiyo.

Nyuzi28:
Kwa mbuna matone hayana mbadala, sababu ni amonia. Maji yao ni ya pH 8 kwenda juu, na kwa joto la nyuzi 28 kwenye pH 8 karibu asilimia 6 au 7 ya amonia yote inakuwa ile ya sumu, wakati kwenye pH 7 haifiki hata 1. Yani namba ile ile kwa mwenye gapi ni usumbufu, kwako ni msiba. Na rangi soma mchana mlangoni, karatasi nyeupe nyuma ya tyubu. Taa ya sebuleni haikuonyeshi tofauti ya 0 na 0.25.

Babu Kambale:
Enzi zetu tulikuwa tunamwangalia samaki usoni tu, tunajua.

MamaGapi:
Babu shikamoo, ila samaki akishaanza kuhema juu ya maji kipimo kimesomeka na wewe umechelewa 😂

Mbuna wa Tabata:
Fundi Filta Mungu akubariki. Nilikuwa siitikisi kabisa nilijua ni mbwembwe za karatasi ya maelekezo. Nimerudia, imetoka nyekundu, yani nitrati nyingi. Shida sasa 40 na 80 kwenye chati kwangu mimi ni nyekundu moja, nikamwita mama watoto asome kasema "hii ni rangi ya juisi ya rozela", nikamwambia rozela haipo kwenye chati.

Fundi Filta:
Hahaha. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale ya kuongezea, SIO asidi. Mililita 2.5 za tangi na 2.5 za hayo maji, pima kama kawaida, jibu zidisha kwa 2. Halafu pima na kisima chenyewe, watu wanasahau hiyo.

Mbuna wa Tabata:
Mrejesho. Amonia 0, nitriti 0. Nitrati imesoma 40 kwahiyo ni 80 kweli, stripu ilikuwa inakaribia ukweli kuliko mimi na michupa yangu. Nimetoa lita 60. Ila kisima kimetoa 20! Kila nikibadilisha maji namwagia nitrati nyingine, na kisima kipo hatua chache kutoka choo cha jirani.

MamaGapi:
Eeh na hayo maji mnayanywa?

Nyuzi28:
Kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, kwahiyo kwa nitrati yupo chini. Ila kwa choo cha jirani mimi ningewaza vijidudu kwanza, na hivyo matone hayavioni.

Mbuna wa Tabata:
Mama watoto kasoma hapa, keshaweka sufuria jikoni anachemsha.