Tupeane uzoefu: mliokwenda makongamano ya sanaa za maonyesho Marekani kusaka kazi ya ufundi mkiwa wanafunzi

Fundi Taa: Wakuu habari zenu. Jana nimepekua begi la zamani nikakuta beji yangu ya kongamano la USITT, ile taasisi ya Marekani ya ufundi wa maonyesho, St. Louis, Machi 2017. Moyo ulinipiga paa. Nilisafiri kwa basi usiku kucha, CV hamsini begini. Mliopita njia hii mwageni, hasa siku iliyowauma.

Mwana Pangani: Umenitonesha kidonda. Mimi ni Fort Lauderdale, 2018. Nilipanga foleni kwenye meza ya kampuni moja ya maonyesho ya kiangazi. Yule mama akafungua albamu ya kazi zangu taratibu, akafika kwenye mchoro wa taa, akaniuliza kwa nini rangi ya kaharabu nimeiweka upande mmoja tu. Nikamweleza jua la alasiri kwetu linavyolala juu ya mto. Akatabasamu, akatoa kadi, akaanza kuniandikia namba. Katikati ya namba akauliza: una ruhusa ya kufanya kazi? Nikasema niko kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi, kibali nitaomba. Akaweka kalamu chini. Akaifunga albamu taratibu vilevile alivyoifungua. Wao hujenga jukwaa mwishoni mwa Mei, karatasi hawawezi kuzisubiri. Meza nne siku ile, jibu moja. Nililia chooni, na albamu nimeikumbatia.

Dada wa Mavazi: Pole sana kaka. Yalinikuta hayo hayo.

Mzee wa Kebo: Ulitaja viza mapema. Waache wakupende kwanza.

Fundi Taa: Mkuu usipotoshe vijana. Ukificha, wanakuacha Mei na kazi nyingine zote zimeshajaa.

Dada wa Mavazi: Anayeendelea na masomo aombe CPT, ruhusa ya mafunzo kazini yaliyo sehemu ya kozi. Ukiwa na barua ya mwajiri, chuo ndicho kinaidhinisha, huendi kusubiri uhamiaji. OPT, kibali cha kazi cha fani yako kinachotolewa na uhamiaji, ndiyo ya kusubiri miezi. Mweleze mwajiri kabla hajauliza.

Mwana Pangani: Chuo changu kilininyima CPT, kozi haikuwa na somo la mafunzo kazini.

Mtoto wa Lamu: Mimi niliokolewa na baba. Ni nahodha wa jahazi. Kongamanoni kuna mashindano ya wanafunzi, mojawapo kufunga mafundo haraka huku saa inahesabu. Kile kitanzi wanachokiita bowline, kisichojikaza wala kufyatuka, nilikijua tangu nina miaka sita, kwa kufunga demani, kamba ya tanga, gizani. Nilikifunga macho nimefumba. Bwana mmoja nyuma yangu akasema rudia. Nikarudia, kwa mkono mmoja. Kiangazi kile alinipa kazi ya kamba za juu ya jukwaa.

Mzee wa Kebo: Aisee! Mkono mmoja? Tuelekeze.

Dada wa Mavazi: Tupia picha tafadhali.

Mwana Pangani: Ndugu yangu, kibali ulikuwa nacho?

Mtoto wa Lamu: Nina green card kupitia mama.

Mwana Pangani: Basi hapo ndipo tulipoachana. Hongera lakini, na baba umsalimu.

Mzee wa Kebo: Vaeni nyeusi na viatu vya kazi, suti ni ya wasanifu.

Dada wa Mavazi: Mimi nilivaa gauni nililolishona mwenyewe. Waligeuza pindo, wakatazama mshono wa ndani, kazi nikapata.

Mtoto wa Lamu: Picha nitaweka jioni. Mwana Pangani, baba anauliza ni Pangani ipi, Bweni au mjini?